RAM ya GB 4, mbona inaonekana 3?

Umenunua kompyuta ya mtumba Lilongwe, ukaambiwa ina RAM ya GB 4. Umeifikisha kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kama kilomita 45 kutoka mjini, umeiwasha, na Windows ya biti 32 inasema inayotumika ni GB 3 na ushee. Umepunjwa? Si lazima. Huenda RAM imo yote, ila anwani hazikutosha.

Prosesa huifikia kumbukumbu kwa namba. Windows hiyo ina anwani 4,294,967,296 tu, yaani GB 4 kamili, na RAM hailipati fungu lote: kadi ya picha, kadi ya mtandao na vidhibiti vya USB navyo hutengewa sehemu. Ni kama namba za Area za Lilongwe: ukiifuata namba, waweza kukuta makazi, soko au ofisi. Prosesa ikiandika kwenye anwani moja, data inatua kwenye RAM. Ikiandika kwenye nyingine, kadi ya mtandao inapokea amri ya kutuma pakiti. RAM iliyokosa anwani hukaa bure.

Inayosimamia sehemu hizo za vifaa ni draiva, yaani programu inayoendesha kifaa. Kwenye Linux, draiva kwanza huiomba keneli, kiini cha mfumo, eneo lake kwa request_mem_region, ili draiva nyingine isije kuligombea. Kisha huita ioremap ili eneo hilo liingizwe kwenye jedwali la kurasa. Keneli nayo hufanya kazi kwa anwani pepe, si zile halisi, hivyo lazima jedwali la kurasa lioneshe kila ukurasa, kwa kawaida wa baiti 4,096, unaelekea wapi. Eneo hilo huwekewa alama lisipitie kashe, hifadhi ya muda ya prosesa. Draiva ikiuliza kama kadi imemaliza kutuma, jibu litoke kwenye kadi yenyewe wakati huo huo. Nakala ya zamani iliyobaki kwenye kashe ingeidanganya.

Wakati mwingine programu ya kawaida, kama ya video, huhitaji kufika kwenye kifaa bila kupitia keneli kila mara. Huomba kwa mmap, na draiva huifungulia kurasa husika. Hapa uzembe ni hatari: draiva isipopima ukubwa wa eneo lililoombwa, programu hiyo yaweza kusoma au kuharibu kumbukumbu isiyo yake, hata ya keneli.

Vijana wanaojifunza programu Dzaleka, kama wa TakenoLAB, wanaweza kuyaona haya bila hata bando la intaneti. Kwenye Linux andika sudo cat /proc/iomem. Mistari ya "System RAM" ni kumbukumbu. Ile ya "PCI" ni maeneo ya vifaa, mara nyingi yakiwa na jina la draiva iliyoyashika. Ukisahau sudo, anwani zitaonekana sifuri tupu, kwa sababu keneli huwaficha anwani hizo watumiaji wa kawaida.

Kwa hiyo kabla ya kumrudia muuzaji au kununua RAM nyingine, angalia kama prosesa ni ya biti 64. Ikiwa ndiyo, weka mfumo wa biti 64, wenye anwani nyingi zaidi. Kadi ya picha iliyojengwa ndani bado itakata kiasi chake, na mbao mama za zamani sana zina mipaka yake, lakini kwa mashine nyingi sehemu kubwa ya RAM itarudi bila kutoa hata kwacha moja.