Waenda Lamu kustarehe? Mwone daktari kwanza

Ukiwa mjini Habaswein ukauliza hoteli iko wapi, utaonyeshwa mahali pa chai ya maziwa, wali na nyama ya ngamia. Neno hilo hilo likitajwa Lamu huwa na maana nyingine: kitanda cha kuchonga chenye chandarua cheupe, upepo wa bahari unaoingia kutoka pande mbili, na kiamsha kinywa kinachoandaliwa darini juu ya paa. Siku hizi wakazi wa Kaskazini Mashariki wanazijua hoteli za aina zote mbili. Kuna maarusi wanaokwenda fungate, kuna wanaofuata Maulidi, na kuna wafanyakazi wanaotumwa semina na waajiri wao.

Safari hiyo hupangwa kwa makini. Watu hulinganisha bei za vyumba, hukata tiketi mapema, na hata nguo hushonwa. Lakini kuna jambo moja ambalo aghalabu husahaulika, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu juma hili. Kwa mtu aliyekulia Habaswein, hatari kubwa ya likizo ya Lamu haionekani hotelini. Hujitokeza siku kumi, kumi na tano au ishirini baadaye, wakati msafiri amekwisha rudi nyumbani na masanduku yamefunguliwa. Hatari hiyo ni malaria.

Damu isiyoijua malaria

Kenya haina malaria ya namna moja kila mahali. Katika nyanda za Ziwa Victoria na katika pwani, ugonjwa huu huwapo mwaka mzima. Kaskazini Mashariki ni nchi kame. Jina la Habaswein lenyewe, kwa Kisomali, lina maana ya vumbi kubwa. Huko mbu wa malaria hufuata mvua, na mvua ikipita, nao hupungua.

Mtu anayeumwa na mbu hao tangu utotoni mwake hupata kinga kiasi fulani. Haimzuii kuugua, lakini humpunguzia makali. Mtu wa Habaswein hana kinga hiyo. Vijidudu vya malaria vikiingia katika damu yake huwa kama wezi walioingia nyumba isiyo na mlinzi: huongezeka upesi, na homa ya kawaida inaweza kugeuka malaria kali kwa muda mfupi.

Wakazi wa Wajir walilijua hilo kwa uchungu. Baada ya mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 1997, maji yalituama kila mahali, na mwanzoni mwa 1998 malaria ililipuka katika wilaya hiyo. Waliougua na kufa hawakuwa watoto peke yao. Watu wazima wenye nguvu zao walianguka vile vile, kwa kuwa damu zao hazikuwa zimeujua ugonjwa huo.

Msomaji wa Nairobi au Nyeri asidhani hayamhusu. Yeye naye hukaa mahali penye malaria kidogo, na damu yake haina tofauti kubwa na ya ndugu yake wa Habaswein. Hata Mlamu aliyehamia bara miaka mingi huipoteza kinga aliyozaliwa akiijenga. Akirudi kwao, na ajihesabu mgeni.

Nyumba za kale na mbu wake

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba zake za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko zimejengwa kwa kufuata upepo. Hoteli nyingi za fahari za mjini na za kijiji cha Shela ni nyumba kama hizo, au zimejengwa kwa mfano wake: madirisha mapana yasiyo na vioo, ua katikati, na ghorofa ya juu iliyo wazi. Huo ndio uzuri wake. Lakini panapopita upepo bila kizuizi, mbu naye hupita.

Wazee wa Lamu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Katika vyoo vyao walijenga mabirika ya kuhifadhia maji, wakaweka humo samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Walipachika bakuli la kaure chini ya birika ili maji yakipungua samaki hao wabakiwe na mahali pa kuishi. Daktari wa leo hana la kuwafundisha hapo.

Kuna na mbu wa pili, anayeuma mchana. Huyu hapendi madimbwi ya nje. Hupenda maji safi yaliyowekwa majumbani: mapipa, mitungi na mabirika yasiyofunikwa. Mwaka 2004 ndiye aliyeeneza homa ya chikungunya Lamu, na sehemu kubwa sana ya wakazi wa mji iliambukizwa. Ulikuwa wakati wa ukame, watu wakihifadhi maji muda mrefu bila kuyabadilisha. Mbu wa jamii hiyo pia ndiye mwenye homa ya dengi, ambayo imezuka Mombasa mara kadhaa tangu 2013. Chandarua cha usiku hakikusaidii kwake isipokuwa kama hulala mchana.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mtu akipiga simu hotelini huuliza bei na kama chumba kinatazama bahari. Ongeza haya:

Je, kila kitanda kina chandarua kizima kilichotiwa dawa, pamoja na kitanda cha mtoto? Kile cha pambo kisichofika godoroni, au chenye tundu, hakina faida.

Je, madirisha yana wavu? Kama hayana, kuna feni ya nguvu au mashine ya kupoza hewa, na jenereta umeme ukikatika?

Je, maji ya kunywa yanatoka wapi? Usione haya kuomba chupa iliyofungwa, na kuuliza kama barafu ya maji ya matunda imetengenezwa kwa maji hayo hayo.

Je, chumba kiko ghorofa ya ngapi? Ngazi za nyumba za Lamu ni nyembamba na zenye mwinuko mkali. Mzazi wako mwenye magoti mabovu au moyo dhaifu apewe chumba cha chini, hata kama mandhari ya juu ni mazuri zaidi.

Mtu akizidiwa usiku, atafikaje hospitali? Swali hili ni zito kuliko yote. Vichochoro vya mji wa kale ni vya watu na punda, si vya magari. Hospitali ya King Fahd iko Lamu mjini. Aliyepanga Shela hutegemea mashua, na mashua hutegemea nahodha. Hoteli nzuri itakujibu mara moja nani huitwa na chombo kiko wapi. Ikisitasita, tafuta nyingine.

Dawa za kinga

Nenda kwa daktari wiki nne kabla ya safari. Hata kama zimebaki siku tatu, nenda, kwani zipo dawa zinazoweza kuanzwa siku moja au mbili kabla ya kuondoka.

Dawa zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni mchanganyiko wa atovakuoni na proguanili, ambayo humezwa kila siku mpaka siku 7 baada ya kurudi. Ya pili ni doksisaiklini, ya kila siku pia, lakini huendelea wiki 4 baada ya kurudi. Hii hufanya ngozi iungue upesi juani, na haifai kwa mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka 8. Imeze baada ya chakula, kwa maji mengi, wala usijilaze papo hapo. Ya tatu ni meflokwini, ya mara moja kwa juma, inayoanzwa wiki mbili au tatu mapema na kumalizwa wiki 4 baada ya kurudi. Aliyewahi kuugua kifafa au ugonjwa wa akili asiitumie.

Usijichagulie mwenyewe dukani. Na usikubali kuuziwa klorokwini kwa kuwa babu yako aliitumia. Kenya iliacha kuitegemea kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, kwa sababu vijidudu vilikwisha kuizoea.

Hakuna dawa inayokinga kwa asilimia mia. Kwa hiyo vaa mikono mirefu jioni na ujipake dawa ya kufukuza mbu yenye DEET, mchana na usiku. Ukitumia na mafuta ya kuzuia jua, tangulia kupaka hayo, kisha ya mbu juu yake.

Wajawazito, watoto na wagonjwa wa sukari

Mama mjamzito anayehudhuria kliniki pwani hupewa dawa ya kuzuia malaria kama sehemu ya huduma za kawaida. Mwenzake wa Wajir au Garissa hapewi, kwa sababu eneo lake halihesabiwi miongoni mwa yale yenye malaria mwaka mzima. Malaria huweza kumharibia mimba na kumuua. Ushauri wangu ni kwamba safari ya starehe ingoje mtoto azaliwe. Kama ni lazima asafiri, amwone daktari kwanza.

Kwa watoto, kuna bahari. Mtoto wa Habaswein anaweza kuwa hodari wa kuchunga mbuzi jua kali, lakini hajapata kuona maji yanayomfika kifuani. Hata kidimbwi cha kuogelea cha hoteli ni kirefu kwake. Asiachwe majini peke yake hata kwa dakika moja, na kila abiria wa mashua, mkubwa kwa mdogo, avae jaketi la kujiokolea. Mkondo kati ya visiwa hauulizi umetoka wapi.

Mwenye kisukari anayetumia insulini asiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kutoka Habaswein hadi Garissa peke yake ni zaidi ya kilomita 200. Aifunge ndani ya mfuko wa plastiki, kisha aizungushie kitambaa chenye maji na kukiweka penye hewa. Mvuke wa maji huipoza kama mtungi. Isigusane na barafu, kwani ikiganda imeharibika. Akifika, aombe nafasi ndani ya friji. Dawa za shinikizo la damu na za sukari zichukuliwe za kutosha siku za safari na juma moja zaidi, zikae katika mkoba wa mkononi.

Tumbo likichafuka, sharubati ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Pakiti za ORS za dukani ni bora zaidi, nazo hazizidi uzito wa barua.

Ukirudi nyumbani

Hapa ndipo wengi hupotea. Vijidudu vya malaria hukaa mwilini, kwa kawaida siku 7 au zaidi, kabla ya homa kuanza. Msafiri aliyelala hotelini siku tatu au nne huondoka akiwa mzima kabisa, akaisifu kinga yake. Homa humkuta Habaswein.

Akifika kwenye zahanati wakati wa kiangazi, mhudumu hamfikirii malaria. Hufikiria brusela, ugonjwa unaoletwa na maziwa yasiyochemshwa, kwa kuwa huo anauona mara kwa mara. Au hufikiria homa ya matumbo. Nimewahi kumpokea kijana aliyemeza vidonge vya brusela kwa siku tano. Alipoletwa kwangu macho yalikuwa ya manjano na hamjui mama yake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza alikuwa wapi, naye hakudhani inahusu. Alipona, lakini baada ya sindano za artesunati na siku nyingi kitandani.

Basi shika sentensi hii fupi: "Nilikuwa Lamu." Iseme ukifika, kabla hujaulizwa, kwa homa yoyote inayokupata ndani ya miezi mitatu baada ya safari. Omba damu ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Kipimo kikikosa kuiona na homa ikaendelea, rudi upimwe tena baada ya siku moja. Ukikutwa nayo, maliza dozi zote 6 za siku tatu hata kama umepata nafuu siku ya pili. Kabla ya kujua ni homa gani, tumia parasetamoli, wala si aspirini au diklofenaki, kwani kama ni dengi, dawa hizo huweza kuzidisha kutoka damu.

Mgonjwa akichanganyikiwa, akipatwa na degedege, akitapika kila anachokunywa, akishindwa kuketi au akikojoa mkojo mweusi, asingojewe mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huo.

Kwa hiyo unapoandika mpango wa safari yako, usiandike siku nne za hoteli peke yake. Andika na siku ya kumwona daktari, andika na siku ya kumeza kidonge cha mwisho, na uzitie zote katika kalenda iliyo ukutani. Gharama ya vidonge ni ndogo ukiilinganisha na bei ya chumba kinachotazama bahari.