Seva msimu wa watalii: fundi aendeshe kazi moja au hati nzima?

ARUSHA. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndiyo ambayo wenye hoteli, magari na kambi za mahema mjini hapa huhesabu fedha. Ndiyo pia miezi ambayo tovuti ya kampuni huwa duka lenyewe. Mteja aliye Munich au Chicago hafiki Barabara ya Sokoine kuulizia bei. Hulipa malipo ya awali akiwa kwake. Tovuti ikilala kwa saa tatu mteja huyo hasubiri. Huenda kwa jirani, na majirani katika biashara hii ni wengi.

Kwa hiyo swali linaloonekana kuwa la mafundi peke yao linamhusu mwenye mtaji pia. Fundi anapoitwa kurekebisha kitu kimoja katika seva, je, anaendesha kazi hiyo moja, au anaendesha hati nzima ya maagizo tangu mstari wa kwanza?

Zamani fundi aliandika amri moja baada ya nyingine kwa mkono, na akihama kazi alihama na siri zake. Siku hizi wengi huandika hati moja inayoeleza seva iweje: programu zipi ziwepo, milango ipi ifungwe, nakala za akiba zichukuliwe saa ngapi. Kompyuta husoma hati hiyo na kutenda. Programu mojawapo inayojulikana sana kwa shughuli hii ni Ansible, iliyoanzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012. Wawekezaji watakumbuka kuwa Red Hat iliinunua mwaka 2015, kisha IBM ikainunua Red Hat yenyewe mwaka 2019 kwa dola za Marekani bilioni 34. Hata hivyo, Ansible ya msingi hutolewa bure. Kinachomgharimu mfanyabiashara wa Arusha ni saa za fundi na saa za kufunga duka.

Chukua mfano wa hati yenye kazi 60. Cheti cha usalama cha tovuti kimekwisha muda. Vile vinavyotolewa bure na Let's Encrypt vimekuwa vikidumu siku 90 tu. Wateja wanaonyeshwa onyo jekundu na kukimbia. Dawa yake ni kazi tatu au nne ndani ya hati ile. Fundi akiendesha zote 60, nyingi zitapita bila kubadilisha kitu, maana programu hii hukagua kwanza na kuacha kilicho sawa. Lakini ikiwa miongoni mwake ipo inayosema "weka toleo jipya kabisa la kila programu", na nyingine inayozima na kuwasha upya hifadhidata, basi mwenye kampuni aliyeomba cheti ameletewa ukarabati wa nyumba nzima Jumatatu ya Julai.

Hapo ndipo lebo zinapoingia. Lebo ni neno moja linaloandikwa chini ya kazi, mithili ya alama ya rangi ambayo mwenye mzigo hupaka kwenye gunia lake kabla lori halijaondoka Kilombero. Fundi akiongeza --tags na jina la lebo, mathalani "cheti", kazi zenye alama hiyo tu ndizo hutendeka. Akitumia --skip-tags, hutendeka zote isipokuwa zile alizotaja. Zipo pia lebo mbili za pekee: "always", ambayo kazi yake huendeshwa kila mara mpaka izuiwe kwa kutajwa, na "never", ambayo kazi yake hulala mpaka iitwe. Kwa maoni yetu, kazi yoyote inayoweza kufuta hifadhidata ya wateja haina mahali pengine pa kukaa ila chini ya "never".

Faida nyingine ilionekana Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa ya kusuasua nchini. Mwenye seva iliyoko Ulaya aliyehitaji rekebisho dogo siku kama ile hana sababu ya kuvuta kazi 60 kupitia njia iliyobanwa.

Lakini lebo si kinga ya uzembe. Kazi ya 40 inaweza kutegemea jibu lililopatikana katika kazi ya 12. Ikiwa ya 40 ina lebo na ya 12 haina, fundi akiita lebo hiyo hati itakwama njiani, au mbaya zaidi, itaendelea na nusu ya habari. Mtego mwingine ni hati ndogo zinazoingizwa ndani ya hati kubwa. Zikiingizwa mwanzoni, kabla kazi hazijaanza, lebo ya juu hushuka hadi kwa kila kazi iliyomo. Zikiingizwa katikati ya uendeshaji, lebo hubaki mlangoni. Fundi huona kila kitu kimemalizika salama kumbe ndani hakuna kilichofanyika, na cheti bado kimekwisha.

Mwenye kampuni hahitaji kujua kuandika hati ili alinde mali yake. Amtake fundi aendeshe kwanza --list-tasks pamoja na lebo aliyochagua, amwonyeshe orodha ya kazi zitakazotendeka, na amweleze kila moja kwa Kiswahili cha kawaida. Ni dakika chache. Kisha --check, jaribio lisilobadilisha kitu, ingawa si kila kazi hutoa jibu la maana katika jaribio hilo. Fundi anayekasirika kuombwa hivyo, tafuta mwingine.

Wala hati nzima isiachwe mwaka mzima. Viraka vya usalama vikirukwa kila mara, nakala za pasipoti za wageni hubaki wazi kwa wezi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimsamehi mwenye kampuni kwa kuwa alikuwa na shughuli nyingi. Kwa wa utalii, Aprili na Mei, mvua za masika zikinyesha Meru na magari yakiwa gereji, ndio wakati wa kuendesha kazi zote 60. Wauza maua wa Usa River na Tengeru wana kalenda yao: kwao wiki za kuelekea Februari 14 ni za lebo tu.