Kufananisha Rangi za Taa za Jukwaani: Suala la Istilahi

Mnunuzi wa kanga pale Mchinga, kaskazini ya mji wa Lindi, haridhiki na mwanga wa dukani. Hutoka na kitambaa mlangoni akakitazama juani, kwani anajua kuwa rangi ionekanayo chini ya taa huenda isiwe ile ya mchana. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi jambo hilo linavyowasumbua mafundi wa taa za michezo ya kuigiza, na kupima maneno yafaayo kazi yao.

Kwa miaka mingi fundi alitia mwanga rangi kwa kuweka utando mwembamba mbele ya taa. Hapo awali utando huo ulitengenezwa kwa jelatini, ndipo ukaitwa jeli. Siku hizi ni wa plastiki istahimiliyo joto. Kila rangi ina nambari yake katika kijitabu cha sampuli. Taa za kisasa hazihitaji utando: hujigeuza upande na hujibadilisha rangi kwa amri ya mtambo. Tatizo huzuka zinapotumika pamoja na zile za zamani, na fundi akataka taa mpya itoe rangi ile ile ya utando.

Taa hizo huchanganya rangi kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kupunguza. Taa hutoa mwanga mweupe, nao hupita katika vioo vitatu: cha sayani huzuia wekundu, cha majenta huzuia kijani, na cha manjano huzuia buluu. Ya pili ni ya kuongeza: diodi nyekundu, za kijani na za buluu huwashwa pamoja, na macho yetu huona rangi moja.

Kwa nini basi rangi zisifanane? Kwanza, asili ya mwanga ni tofauti. Taa ya waya wa tangsteni ya jukwaani huwa na kiasi cha kelvini 3200, nayo huelekea umanjano. Taa nyingi za gesi hupita kelvini 5600, nazo huelekea ubuluu. Nambari ya utando bila kutaja taa iliyo nyuma yake ni nusu ya habari. Tena, taa ya waya ikipunguzwa nguvu huzidi kuwa nyekundu, ilhali ya diodi yaweza kufifia bila kubadilika.

Pili, nyekundu na kijani za diodi zikichanganywa huonekana manjano ukutani, lakini huenda mawimbi ya manjano yenyewe yakawa haba sana ndani yake. Kitambaa kirudishacho mawimbi hayo tu kitafifia mbele ya watazamaji. Kwa hiyo mtambo unaobadili nambari ya utando kuwa viwango vya taa mpya hutoa makadirio tu. Hukumu ya mwisho hutolewa na jicho, juu ya nguo na ngozi za waigizaji, si juu ya ukuta mweupe.

Sasa tutazame maneno. "Jeli" limepitwa na kitu chenyewe. Tunaonelea "chujio la rangi" ni bora, kwa kuwa hutaja kazi na si mali ghafi. Kwa taa mpya tunapendekeza "taa geuzi", maana hugeuza upande na rangi pia. "Samawati" lisitumiwe mahali pa "sayani": wengine huliita hivyo buluu ya mbingu, na wengine buluu yoyote. Vilevile tutenge "kulinganisha" na "kufananisha". Fundi aambiwaye alinganishe aweza kutazama taa mbili, akasema zimetofautiana, akaenda zake. Naye atakuwa ametii. Aambiwaye afananishe hana budi kuirekebisha moja hadi ifanane na nyenziwe.

Nchi iliyoanzisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981 haiwezi kuridhika kuwaachia mafundi wake ishara za mikono. Wala tusidhani kwamba hazina yetu ni finyu: zambarau, kijivu na damu ya mzee ni ushahidi kwamba wazee walitaja rangi kwa kutazama vitu vyao. Tunawaomba wasomaji, hasa wa pwani ya Kilwa na Lindi, watuletee majina ya rangi wayajuayo, pamoja na kitu ambacho kila jina limetokana nacho.