Kitanda Kidogo Juu ya Mfumbati

Kitanda tulichomnunulia mtoto wetu wa kwanza kiliishia kuwa kabati la nguo. Dukani kilipendeza kweli: cheupe, kina magurudumu, ndani kimezungushiwa vimito vyenye picha za tembo, na ubavu wake mmoja unashuka ukibonyeza kitasa. Tulikitoa Kariakoo kwa bajaji, mimi na mimba yangu ya miezi minane nimekishikilia kisidondoke. Kilipofika chumbani kikakosa pa kukaa ila kwenye kona ya mbali, hatua nne kutoka kitandani kwetu. Na hatua nne saa nane za usiku, kwa mtu mwenye mshono wa upasuaji tumboni, ni safari.

Usiku wa tatu nikaacha kusafiri. Nilimchukua mwanangu, nikakaa naye kwenye kochi, nikampa ziwa, usingizi ukatubeba wote wawili. Adhana ya alfajiri ndiyo iliyonishtua. Mtoto alikuwa ameteleza, amebanwa kati ya mkono wangu na mto wa kochi, uso umegusa kitambaa. Alikuwa mzima. Mimi nilitetemeka mpaka mchana.

Nilipomweleza nesi wa kliniki, sikupata matusi niliyoyatarajia. Aliniambia tu kwamba bora hata ningelala naye kitandani, kwani kochi ndilo baya kuliko yote: mtoto huzama kwenye mkunjo, na hana nguvu ya kugeuza shingo aitafute hewa. Akaongeza kwamba dawa ya usiku kama ule ni mtoto kuwa mahali mkono wa mama unapofika bila mama kusimama, lakini awe na pake mwenyewe.

Hilo si lake peke yake. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi, kwenye kitanda chake, kwa angalau miezi sita ya kwanza. Alazwe chali kila mara, juu ya godoro gumu lililo bapa, bila mto, bila blanketi, bila midoli. Mwaka 1994 Wamarekani walianza kampeni ya nchi nzima ya kuwahimiza wazazi kuwalaza watoto chali, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikapungua kwa karibu nusu. Kitu kidogo namna hiyo, mgongo badala ya tumbo. Vitanda vya ubavu wa kushuka kama kile changu wao walipiga marufuku kuviuza mwaka 2011. Changu kitasa kilikatika mtoto akiwa na miezi minne, ubavu ukaanguka chini kwa kishindo. Bahati njema ndani kulikuwa na nepi tu.

Kwa hiyo mimba ya pili nilijua ninachotaka: kitanda kidogo kinachoshikamana na changu. Baba watoto akaanza kunionyesha picha kwenye simu, hiki kizuri, hiki kina rangi ya bahari. Nikamwambia aweke simu chini alete futikamba. Kosa letu la kwanza lilikuwa kukitazama kitanda cha mtoto peke yake, kama mtu anayenunua mlango bila kujua tundu lina upana gani.

Tulipopima ndipo tukaona tatizo ambalo zile picha hazina. Kitanda chetu ni cha nne kwa sita, cha mninga, na kama vitanda vingi vya mafundi wetu, godoro linakaa ndani ya fremu. Ule ubao mrefu wa ubavuni, mfumbati, una unene wa inchi mbili. Ukikisogeza kitanda cha duka mpaka kigonge, kinagonga mfumbati, hakigusi godoro. Unabaki mfereji wa sentimita tano urefu wote wa kitanda, hapo hapo ambapo mama anayesinzia atampitisha mtoto. Mfereji wa namna hiyo unameza mkono wa mtoto, au uso wake.

Nikaenda Keko kwa mafundi. Fundi niliyempata alikuwa akipiga randa huku anaongea na simu, akanisikiliza nusu nusu mpaka nilipomchorea kwenye kipande cha ubao. Akazima simu.

"Dada, kwa hiyo hiki hakitasimama chenyewe?"

"Hakina haja, fundi. Nataka upande mmoja ukalie mfumbati wangu."

"Basi hicho si kitanda. Hicho ni kibaraza."

Alikuwa sahihi, na tangu siku hiyo nyumbani kinaitwa kibaraza. Kina matendegu mawili tu upande wa nje. Upande wa ndani kinakaa juu ya mfumbati, kimekazwa kwa bolti mbili, na juu ya mfumbati huo kuna ubao mnene sawasawa na mfumbati wenyewe, umesimama kama ukingo. Huku unagusa godoro letu, huku unagusa godoro la mtoto, wala hapana pa kupitisha hata kidole. Fundi alitaka kuuondoa ukingo, aufungue ubavu wote ili mtoto "ateleze tu kwa mama yake". Hapo nilikataa. Kiwango cha Ulaya cha vitanda vya aina hii, cha mwaka 2019, kinataka hata ubavu unaoelekea kwa mama ubaki na kimo kisichopungua sentimita 12 kutoka juu ya godoro la mtoto, ili asibingirike kuja kwa mkubwa, na shuka la mkubwa lisimwendee yeye. Godoro letu la inchi nane linazidi mfumbati kwa inchi tano. Inchi tano ni sentimita 12 na ushei. Fundi aliposhusha chaga za mtoto mpaka uso wa godoro lake ukawa sawa na mfumbati, hesabu ikaingia kama kufuli na ufunguo wake, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeipanga.

Nusura tu. Tulisahau kwamba godoro la sponji la miaka sita huzama pale mtu alalapo. Upande wangu limeingia vidole viwili, basi ukingo unanizidi kidogo na kunikwaruza kwapa ninaponyoosha mkono. Fundi alisema aupunguze kwa randa. Nikasema uache, kwapa langu litapona.

Kilichonisumbua zaidi ni chandarua. Kwenye picha za nje hakuna anayelala na chandarua, na hapa Dar es Salaam kulaza mtoto mchanga bila chandarua ni kumkaribisha mbu mezani. Ukikichomeka chandarua cha wakubwa chini ya godoro, kinapita katikati, kinamwacha mtoto nje. Vile vya mwavuli vya kumfunika mtoto peke yake vinafaa mchana sebuleni. Usiku, kila anapolia, unafunua na kufunika, mbu anaingia nawe. Nilitaka kimoja juu yetu sote. Cha kwetu, nilichopewa kliniki, tulikipima upana: futi sita, yaani sentimita 183. Kitanda chetu nje kwa nje kina 132. Zinabaki 51. Nikamwambia fundi kibaraza kisizidi 45. Kwa hiyo upana wa kitanda cha mwanangu haukuamuliwa na duka wala na fundi, uliamuliwa na chandarua, na sijutii. Tulikitundika kwa kamba nne kwenye dari, kikakazwa kisilegee kumwangukia, pindo likachomekwa chini ya godoro letu upande wa ukutani na chini ya kibaraza upande wa nje.

Mbao ilikuwa paini ya Mafinga, kwa sababu ni nyepesi na haikumaliza mshahara. Jihadhari tu usiuziwe ile iliyopigwa dawa ya mchwa, yenye ukijanikijani. Hiyo ni ya kenchi. Siku mtoto atakapoota meno, ukingo ndio chakula chake cha kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo sikutaka rangi ya mafuta ya kopo lisilo na jina, maana risasi kwenye rangi haina kiasi ambacho ni salama kwa mtoto. Msasa mara tatu, mpaka nikapitisha soksi ya nailoni kila pembe isikwame, kisha vanishi kidogo upande wa nje, na kikaachwa wiki mbili barazani kwa jirani kiishe harufu. Fito za ubavuni nilizipima kwa kopo la soda, lile nene la mililita 330: likipita, mwili wa mtoto nao unaweza kupita, kichwa kikakwama. Fundi alibandua fito mbili akazisogeza. Alinung'unika, lakini alizisogeza.

Godoro karibu tulikosee. Muuza sponji alinipa bure kipande kilichobaki, laini kama maandazi ya moto. Nilikibonyeza kwa kiganja, alama ya vidole ikakaa hapo, nikamrudishia. Cha mtoto ukikibonyeza kinarudi hapo hapo, na mkono wako ukikishika unasema ni jiwe. Kikatwe kijae fremu. Ukiweza kupenyeza vidole viwili pembeni, ni kidogo. Juu yake nilitandika ile makintoshi iliyobaki toka hospitali, nikaikunja chini kwa nguvu isivimbe, kisha shuka moja lenye lastiki. Basi. Hakuna kingine kilichoingia humo ndani zaidi ya mtoto.

Ila mama yangu aliwasili kutoka Pangani na furushi.

Alikuja kunilea arobaini, kunikanda maji ya moto na kunipikia uji wa pilipili manga. Alipokiona kibaraza akasimama mlangoni. "Mwanangu, mtoto wa siku mbili unamlaza peke yake kama mgeni? Nyie sita wote mmelala mbavuni kwangu."

Sikubishana, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Ila nilimkumbusha tulilala mbavuni kwake juu ya nini. Kitanda cha kamba, mkeka wa ukindu, na kanga. Kigumu, bapa, hakina mto, hewa inapita mpaka chini. Bila kusoma mahali popote mama alikuwa na kitanda ambacho daktari angekisifu; tuliobadilika ni sisi, tuliongeza sponji, mito minne na blanketi la Kichina lenye chui. Nikamwambia pia habari za Wamaori wa New Zealand, ambao tangu miaka ya 2000 wamerudia kusuka kikapu kipana cha majani, wanakiita wahakura, mtoto analazwa ndani yake katikati ya kitanda cha wazazi, karibu nao na bado ana pake. Mama ni msusi wa mikeka. Hakuniuliza kuhusu usalama. Aliuliza majani gani, na wanaanza kusuka kutoka kitako au kutoka ubavu.

Tulikubaliana kwa vipande. Kamto ka sufi alikokashona kwa mkono, ka kukipa kichwa umbo, kalikwenda sandukuni, atakalalia akiwa mkubwa. Kofia na soksi za sufi ya kondoo zilivaliwa siku ya kuonyeshwa mtoto kwa majirani, zikavuliwa. Usiku wa Dar es Salaam mtoto anatoshwa na fulana, na ukitaka kujua kama joto limemzidi gusa kisogo, kikilowa jasho punguza nguo. Kauzi keusi ka shingoni kalihamia kwenye mfuko wangu. Kisu kidogo cha kuzuia mabaya, ambacho kwa desturi huwekwa chini ya mto wa mtoto, mama alikiweka chini ya godoro. La kwangu. Nimelalia kisu siku arobaini na mabaya hayakuja.

Usiku wenyewe ulikuwa hivi. Analia, hapana, kabla hajalia, nasikia anavyotafutatafuta kwa mdomo. Najigeuza ubavu, mkono mmoja umeshika mshono, mwingine unavuka ukingo, namvuta kwangu. Ananyonya. Namcheulisha, namrudisha chali. Kuna usiku nilisinzia kabla ya kumrudisha, sitakuficha. Baba watoto alikuwa na kazi ya kunigusa bega, naye mara nyingine alikoroma. Lakini hapakuwa na mfereji, mito yangu yote ilikuwa imehamia upande wa ukutani, na kochi lilikuwa sebuleni huko limekaa peke yake. Kwenye nyumba yenye anayevuta sigara au aliyekunywa, au kama mtoto alizaliwa njiti, kulala naye kitanda kimoja kuna hatari zaidi. Na njiti aliyeagizwa kufungwa kifuani kwa mama kama kangaruu, hayo ya kibaraza yasubiri mpaka kliniki iseme.

Alipofika miezi mitano nilimkuta asubuhi amejiinua kwa viganja, kidevu juu ya ukingo, ananitazama kama mjumbe wa nyumba kumi. Siku ile ile fundi aliitwa kufungua bolti.

Sasa wifi yangu wa Mbagala ana mimba ya miezi saba, amepiga simu anataka kibaraza. Nilimwambia achukue hata leo, ila kwanza apime kitanda chake. Jioni akanitumia picha: kitanda cha chuma, mabomba matupu, hakina mfumbati hata wa dawa. Fundi wa Keko ameitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Anasema kinahitaji matendegu mengine mawili na mkanda wa kupita chini ya godoro, na kwamba Jumamosi aende mwenyewe na futikamba.