SLA nyumbani: tutangulie ugonjwa hatua moja



Leo sitaongea juu ya mbegu wala mbolea. Naongea juu ya ugonjwa wenye jina refu: sclérose latérale amyotrophique, kwa kifupi SLA. Munganga Mufaransa Jean-Martin Charcot njo aliyeueleza huko Paris mwaka 1869, ndiyo maana wengine wanauita ugonjwa wa Charcot. Hapa Kalemie watu wengi hawaujui. Mutu akianza kuangusha kikombe, majirani wanasema ni AVC. Akianza kuongea kama mulevi na hakunywa kitu, wanasema amerogwa. Mujomba wangu, fundi wa zamani wa reli, alipita njia hizo zote mbili mbele ya munganga wa neva kule Lubumbashi kutuambia jina la kweli. Kiisha tulimutunza nyumbani miaka mitatu. Naandika tuliyojifunza, sababu labda kuna familia inayoyahitaji sasa hivi.

Kwanza tuelewane: nini kinaharibika? Fikirini umeme wetu. Unatoka Bendera, unapita kwa waya mpaka huku. Mashini ya Bendera inaweza kuzunguka muzuri, ampule yako nayo iko nzima, lakini waya ukioza katikati, nyumba inabaki giza. Kwa SLA, waya njo zile neva zinazopeleka amri ya ubongo kwa misuli. Zinakufa pole pole. Musuli usiopata amri unakauka: mukono, muguu, ulimi, koo, na mwishoni misuli ya kuvuta pumzi. Macho kwa kawaida yanaendelea kutembea, masikio yanasikia, ngozi inasikia maumivu. Akili ya wengi inabaki, hata kama kuna wanaobadilika tabia au kufikiri kunakuwa kuzito.

Hauambukize. Karibu mugonjwa mumoja kwa kumi njo anaupata kwa njia ya ukoo. Dawa ya kuuponyesha haijapatikana. Ile inayoitwa riluzole, iliyotoka katika miaka ya 1990, inapunguza mwendo wake kidogo tu. Wengi wanaishi miaka miwili mpaka mitano toka dalili za kwanza. Stephen Hawking aliambiwa mwaka 1963, akiwa na miaka 21, na akafika 2018, lakini mutu kama yeye ni nadra sana.

Hapa munisamehe, mwana agronomia anarudi kwa muhogo. Nchi yetu ina ugonjwa mwingine wa neva za misuli: konzo. Munganga Trolli aliueleza mwaka 1938 kule Kwango, na jina lenyewe, kwa Kiyaka, linasema miguu iliyofungwa. Tanzania waliuona Tarime mwaka 1985. Unatoka kwa muhogo muchungu usiolowekwa siku za kutosha, pamoja na chakula kisicho na proteini. Tofauti ni hii: konzo inapiga kwa ghafla, miguu yote miwili, mara nyingi kwa watoto na wanawake, kiisha inasimama pale. AVC nayo inakuja kwa ghafla, mara nyingi upande mumoja. SLA inaanza kidogo, pengine kidole kimoja, na haisimame. Kwa hiyo mutu anayepungukiwa nguvu mwezi kwa mwezi, musiseme tu "ni AVC". Mutafute munganga wa neva, hata kama ni mbali.

Na hiyo "haisimame" njo jambo kubwa la maandishi haya. Mulimaji hangoje mvua inyeshe ndipo atafute jembe. SLA inatuambia mapema kwenye inaenda, kwa hiyo kila kitu kitayarishwe hatua moja mbele. Familia inayomaliza miezi yote kwa kutafuta muujiza, ikiuza kiwanja, inakuta sauti imeshaenda na hakuna aliyemuuliza mugonjwa anataka nini.

Sauti. Angali anaongea, mumurekodi kwa telefone: majina ya watoto, baraka, mambo ya kiwanja na madeni. Kiisha muandike herufi kwenye karatasi ngumu, mistari mitano, kila mustari uanze na irabu: A B C D, halafu E F G H, halafu I mpaka N, O mpaka T, U mpaka Z. Unataja mustari, akiinua macho, unasimama. Unataja herufi moja moja. Akiinua tena, unaandika. Ukizoea, "maji" inatoka haraka. Mufundishe watoto pia. Kwetu muwezaji alikuwa mujukuu wa miaka kenda.

Kumeza. Mugonjwa akae wima, kidevu kishuke kidogo, kijiko kidogo, na asiongee akiwa na chakula kinywani. Akimaliza, abaki amekaa nusu saa. Maji matupu yanakimbia kwenye njia ya pumzi. Uji muzito kidogo unapita muzuri zaidi. Bukari ngumu inabandikana kwa koo, mukate mukavu na muchele vinatawanyika, ndagala zina miiba. Sisi tulisaga mikebuka iliyotolewa miiba ndani ya supu, tukaongeza mawese na karanga zilizosagwa laini, sababu kukonda kunafupisha maisha na mafuta yanaleta nguvu nyingi kwa kijiko kidogo. Akianza kukohoa kila mara anapokula, muulize munganga juu ya mupira wa kulishia tumboni. Unawekwa pumzi ingali na nguvu, si baadaye. Mujomba aliukataa, kwa herufi zake mwenyewe, na tukaheshimu.

Pumzi. Dalili zinakuja usiku: hawezi kulala chali, asubuhi kichwa kinauma, muchana anasinzia. Muinue kichwa na mugongo kwa mito. Kuna mashini ya kusaidia kupumua usiku, lakini inataka umeme usiokatika, na munajua umeme wetu. Anayeipata atafute batri mbele ya kuiwasha. Musikimbilie oksijeni peke yake bila munganga anayeujua ugonjwa huu: inaweza kuficha hewa chafu inayojaa mwilini.

Kitanda. Kumbukeni anasikia kila kitu. Mbu akimuuma anasikia, lakini hawezi kumupiga. Kwa hiyo chandarua kifungwe vizuri, hata muchana. Mukunjo wa shuka chini ya mugongo ni mateso ya usiku muzima. Mumugeuze mara kwa mara, mumunyooshe mikono na miguu kila siku pole pole, ili viungo visikauke. Akicheka kwenye kilio, au akilia bila sababu, si pepo na si wazimu. Ni ugonjwa wenyewe, na yeye anapata haya kuliko ninyi.

Sasa jambo gumu zaidi: nani anafanya hayo yote? Nyumbani kwetu, mwaka wa kwanza, kazi ilimuangukia binti ya mujomba. Hakuna mukutano uliomuchagua. Alikuwa binti, basi. Aliacha masomo, akalala chini ya kitanda cha baba yake usiku kwa usiku. Siku moja aliniuliza, "Yaya, mimi nitarudi fac lini?" Sisi vijana wanaume wa nyumba tulikuwa watatu, wawili wenye licence na bila kazi. Tulichukua kalenda ya ukutani, tukagawa kama tunavyogawa kalenda ya kilimo: nani asubuhi, nani kuogesha, nani usiku, nani kuleta samaki. Mabaraza wa kanisa walipata Jumamosi mbili kwa mwezi. Wazee walinungunika kwamba mwanaume hamuogeshe mukubwa wake. Mujomba akaandika kwa macho: A-C-H-E-N-I. Manunguniko yakaisha. Binti alirudi kwa masomo, na baba yake akaishi mpaka akasikia matokeo yake ya mwaka.

Alikufa kiangazi, nyumbani, munganga akiwa ameshatupa dawa ya kutuliza ule woga wa kukosa pumzi. Mambo hayo tulikuwa tumeshaongea naye zamani, angali na sauti. Hatukugombana mbele ya kitanda.

Wandugu, wengi wetu tuko na diploma na siku nyingi tupu. Kama katika ukoo wenu kuna mugonjwa wa namna hii, musingoje kuitwa. Muulize ni nani analala pale usiku, na jina lake ni lile lile tangu lini. Kiisha muandike jina lenu kwenye kalenda, siku na saa, na mufike.