Bima ya Afya kwa Wote: Wakala wa Bariadi Atakosa Kazi?

Tangu Bunge la Tanzania lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kijana anayeuza bima Bariadi, mkoani Simiyu, haachi kuulizwa: kama bima itakuwa ya lazima, wewe utamuuzia nani? Tuyapime madai matano yanayosikika zaidi.

1. "Sheria imefuta bima za kampuni binafsi."
SI KWELI. Sheria inatambua skimu za umma na za binafsi, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) inabaki msimamizi. Kinachobadilika ni mpangilio: kitita cha msingi kwanza, mafao ya ziada juu yake. Wakenya wametutangulia. Mfuko wao mpya wa bima ya afya, SHIF, ulianza Oktoba 1, 2024 na mfanyakazi anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Hata hivyo, kampuni binafsi bado zinauza bima ya afya, na waajiri bado wanainunua kwa ajili ya watu wao.

2. "Ikiwa lazima, watu watajiandikisha wenyewe."
SI KWELI. Tazama bima ya vyombo vya moto. Ni ya lazima miaka nenda rudi, na ni hiyo hiyo bima ndogo (ya mtu wa tatu) inayowaweka mjini mawakala wengi. Tena huko kuna askari wa barabarani anayekagua. Kwenye afya hakuna atakayemsimamisha mkulima wa Itilima njiani amuulize kadi. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulitoza Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi 6, na bado iliwabidi maafisa waandikishaji wazunguke vijijini na simu zao, wapige picha na kueleza upya kila mwaka.

3. "Simiyu hakuna soko, ni wakulima tu."
NUSU KWELI. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497 mkoani, na wengi wao hawana mshahara wa kukatwa. Lakini hela ipo, ila ina msimu wake. Ukibisha hodi Februari wakati wa palizi, utaambiwa karibu uji, basi. Rudi pamba ikishapita kwenye mizani ya AMCOS, ushirika wa wakulima, mazungumzo yatakuwa mengine.

Kuna pia hesabu ya kaya. Fomu inataka watu wasiozidi 6. Mji wa Kisukuma una bibi, wake wawili, watoto na wajukuu walioachwa na mama aliyekwenda Mwanza kutafuta maisha. Nani aingie, nani abaki nje? Hapo ndipo wakala anapovuta kigoda akae, kwa sababu ujumbe wa simu hauwezi kulijibu swali hilo.

4. "Mteja akishalipa, kazi imeisha."
SI KWELI. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kupokea kadi za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kwa sababu ya mvutano wa bei za kitita kipya. Mwanachama akikwama dirishani, mtu wa kwanza kumpigia ni yule aliyemwandikisha. Kadi ya CHF iliyoboreshwa nayo ilikuwa na mwisho wake: ilianzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Mgonjwa alipohamishiwa hospitali ya Bugando jijini Mwanza, kadi hiyo haikumfuata. Wakala anayesema mambo kama hayo mapema atapokelewa vizuri mwakani. Anayeyaficha asirudi kijijini hapo.

5. "Kamisheni ya kitita cha msingi inatosha kuishi."
SI KWELI. Piga hesabu: hata ukipewa asilimia 10 ya zile Sh30,000 za CHF, ni Sh3,000 kwa kaya nzima. Toa nauli ya bodaboda ya kwenda Dutwa na kurudi, uone kinachobaki. Wingi wa wateja utasaidia, lakini riziki itatoka kwingine: mafao ya ziada, na vikundi vinavyolipa kwa pamoja, kama wafanyakazi wa viwanda vya kuchambua pamba, walimu wa shule binafsi na wanachama wa saccos. Anayeuza pia bima ya vyombo vya moto na ya mazao atapumua zaidi.

Kwa hiyo kazi haifi, inahama. Anayejua kushawishi tu atapata tabu. Anayejua kitita kinalipa nini, rufaa inakwendaje na mkulima ana hela mwezi gani, huyo ahuishe leseni yake ya TIRA na kuanza kupanga ratiba ya msimu wa pamba.