Ampli ya Gitare: Sauti ya Nyumbani si Sauti ya Kanisani



Siku ya Pentekoste mlikuwa kanisani na mlisikia. Tuseme vizuri zaidi: hamkusikia. Dada yetu aliimba beti tatu mbele ya mikro, na gitare zetu zikamfunika tangu mwanzo mpaka mwisho. Kiisha ibada, mzee mmoja wa kanisa akatuita kando, akasema: « Wanangu, niliona midomo ya mtoto inafunguka na kufunga. Neno sikupata. » Hakukasirika. Ingekuwa afadhali akasirike.

Siku ya pili Prefe akatuita sisi wote wa kwaya. Alitoa neno moja: siku ya kufunga mwaka tutapiga tena mara moja. Ikiwa ni vile vile, ampli zitafungiwa depo, na kwaya itarudia ngoma na gitare isiyo na kuranti. Sisi tunaoandika ni kapita wa wanafunzi, na tena njo sisi tulioshika solo siku ile. Kwa hiyo tumeona ni haki tueleze hapa kilichotokea.

Wengi wanafikiri jibu ni fupi: vijana wanapenda makelele. Si uongo wote. Lakini siku ile hatukupandisha volime kwa kiburi. Tulipandisha ju gitare yetu haikusikika hata kwetu wenyewe. Namna gani gitare inafunika mwimbaji, na papo hapo mwenye kuipiga haisikii?

Tuanze nyumbani. Wengi wetu tunajifunza ku lupango, Mangobo, Kabondo ao Tshopo, ukuta kwa ukuta na jirani. Koko amelala, mtoto wa jirani anasoma ju ya egzetat. Basi unashusha volime chini kabisa. Sauti inakuwa kavu, haina mwili. Unatazama butoni tatu za toni: ya sauti nene, ya sauti ya kati, na ya sauti nyembamba. Unapandisha nene, unapandisha nyembamba, unashusha ya kati. Loo! Sasa gitare ni tamu sawa ya kwenye radio. Unaweka alama katika kichwa: toni yangu njo hii.

Lakini sikio haliko mizani ya sokoni. Mwaka 1933 watu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walipima jambo hili na kulionyesha wazi: sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza sana zile nene, na kidogo zile nyembamba za juu kabisa, za kati zinabaki. Volime ikipanda, sauti nene zinarudi zenyewe. Maana yake, nyumbani ulikuwa unaongeza chumvi ju ulimi wako ulikuwa na mafua. Kanisani mafua yameisha, lakini chumvi ni ile ile. Sauti nene inavuma sawa pipa tupu, nyembamba inakata masikio, na ya kati, ile yenye kufanya gitare ijulikane kuwa ni gitare, haiko. Mpigaji hajisikii. Anafanya nini? Anapandisha volime. Hayo njo makosa yetu ya Pentekoste, na tumeyajua nyuma.

Sasa mwimbaji. Mzee alisema neno hakupata. Hakusema sauti hakupata. Tofauti ni kubwa. Herufi kama s, t na k ndizo zinazobeba neno, na nguvu yao mingi iko juu, mitetemo 2.000 kwa sekunde na zaidi. Gitare yenye nyembamba nyingi inaingia palepale. Na sauti nene ikiwa na nguvu sana, ina tabia ya kufunika zile zilizo juu yake. Dada yetu alifungiwa pande mbili, kwa kosa lisilo lake. Wengine walisema aliimba chini. Aliimba vizuri.

Tutazame pia gitare zenyewe kati yao. Muziki wa kwetu haupigwi na gitare moja: kuna solo, kuna mi-solo, kuna akompanyema, kuna besi. Ukisikiliza plaki za OK Jazz, orkestra iliyoanza mwaka 1956 na Franco Luambo ndani yake, ao zile za Docteur Nico Kasanda aliyefariki mwaka 1985, utasikia kila gitare ina chumba chake. Kamba nene ya gitare ya kawaida inatetema mara 82 kwa sekunde, ile ya gitare ya besi mara 41. Solo akipandisha sauti nene, ameingia katika chumba cha besi bila kupiga hodi. Besi naye anapandisha, akompanyema anapandisha, mpiga ngoma anapiga kwa nguvu. Na hapa Kisangani mvua ikianza juu ya mabati, wote wanapandisha tena. Mvua ikipita, nani anashusha? Hatujapata kumuona.

Kitu kingine kilitudanganya: mahali pa ampli. Tuliiweka chini, nyuma ya miguu yetu. Lakini sauti nyembamba inatoka katika oparleri sawa mwangaza wa torshi, inakwenda mbele moja kwa moja. Sauti nene inaenea pande zote. Torshi yetu ilimulika magoti yetu, kiisha ikamulika nyuso za wazee waliokaa benchi za mbele. Masikio yetu huku juu yalipata nene tu. Tukaongeza nyembamba. Wazee wakapata yote! Tangu hapo tumepandisha ampli juu ya kiti na kuilaza kidogo nyuma ili itazame kichwa cha mpigaji. Siku ya kwanza tulipofanya vile tulishtuka sisi wenyewe, tukashusha nyembamba mara moja, na volime nusu nzima.

Ju ya nguvu ya ampli, tuondoe neno moja la uongo. Kuna ndugu wanachekelea ampli ndogo ya kwaya ju ni ya wati 5, wanatamani ya wati 50, wakisema itapiga mara kumi. Sivyo. Sikio linahitaji nguvu mara kumi ili lione sauti imekuwa mara mbili tu. Kutoka wati 50 kufika 100 ni desibeli 3, mtu wa benchi ya nyuma anatambua kidogo. Na butoni ya volime ni sawa robine: haitengenezi maji, inafungua njia tu. Katika ampli nyingi, ukifika katikati nguvu karibu yote imekwisha kutoka. Ukiendelea kuzungusha, kinachozidi ni mkwaruzo.

Mkwaruzo si dhambi. Konono No. 1 ya Kinshasa, kundi la Mawangu Mingiedi, walifunga sumaku za magari ya zamani kwenye likembe, wakatumia vyombo vya kukuza sauti walivyojitengenezea, na mkwaruzo ule njo ulijulisha jina lao duniani na albamu Congotronics ya mwaka 2004. Lakini wao waliupenda na kuutunza. Sisi ulitupata sawa ajali. Zamani ampli nyingi zilikuwa na volime moja, na mtu aliyetaka mkwaruzo alilazimika kufungua yote na kuamsha mtaa mzima. Tangu miaka ya 1970 nyingi zimewekwa butoni mbili: ya kwanza, geini, inasukuma sauti ndani ya ampli; ya mwisho inahesabu ile inayotoka inje. Wenye kujifunza nyumbani, jifunzeni butoni hizi mbili. Geini juu, ya mwisho chini: mkwaruzo unapata, koko analala. Kwa nyimbo zetu za kanisa, geini ibaki chini, ju sebene inataka kila kidole kisikike.

Maneno machache ya hatari, kwa upesi. Ampli ya lampi isiwashwe hata siku moja bila oparleri yake kufungwa, transfo inaungua. Gitare ya besi isitiwe katika bafle ndogo ya gitare. Karatasi ya oparleri itapasuka. Gitare na mikro vichukue kuranti mahali pamoja penye waya wa udongo. Mpigaji anayeguswa na kuranti mdomoni asicheke, azime. Na kuranti ikiwa inashuka na kupanda, ngojeni itulie.

Masikio nayo ni chombo, na hayana duka. Kanuni inayotumiwa na wengi kwa watu wa kazi ni hii: desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, kila zikiongezeka 3, saa zinakatwa nusu. Kwa hiyo desibeli 94 ni saa moja, na 100 ni dakika 15. Mtu akitoka repetisyo na kusikia mlio wa nzi ndani ya sikio mpaka asubuhi, alivuka kanuni, hata kama anaona sifa. Sisi tumeusikia mlio ule mara mbili mwaka huu, na hatukumwambia mama.

Tumekwisha kujaribu mara moja kanisani kukiwa tupu. Tulianza na mwimbaji peke yake, tukampa volime yake, kiisha tukaingiza gitare moja moja, kila moja ikisimama pale ambapo neno bado linasikika. Butoni za sauti ya kati zilipanda, nene zikashuka, na alama zimeandikwa kwa choki. Mtu atakayezigusa kwa kujionyesha, kapita atajua. Lakini kanisa tupu linalia sana. Miili na nguo za watu zinakunywa sauti nyembamba, basi alama zile si za mwisho.

Kwa hiyo Jumamosi saa tisa tutajaribu tena, na tunahitaji watu wengi wakae, hasa wasiopiga chombo chochote. Wawili watasimama mlangoni na karatasi, waandike maneno ya wimbo kama wanavyoyasikia. Prefe amesema atakuja. Yule mzee tumemwalika pia, na amekubali. Ameomba kitu kimoja tu: akae palepale alipokaa siku ya Pentekoste.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho